Kipanga Njia, Ruta au Lango?

"Mura, hiyo waifai imewaka?" Baba mdogo aliuliza akiwa kitini sebuleni kwake, Tarime mjini, nami nimepiga magoti nyuma ya kabati la televisheni nikitafuta soketi. Sikumjibu upesi. Kijitabu kilichokuja na kile kiboksi cha antena mbili kilikuwa na ukurasa wa Kiswahili, na neno la kwanza lilinikwaza: kipanga njia. Nikamsomea. Akacheka. Kwake kipanga ni yule ndege anayenyakua vifaranga. Siku hizi amesomea na barabara?

Mzaha huo una hoja. Kiswahili kimeunda majina mengi ya vifaa kwa mtindo huu, na kila kifaa hutenda kile ambacho jina linasema: kinasa sauti hunasa, kipaza sauti hupaza. Je, kipanga njia hupanga?

Chukua barabara ya Mwanza hadi Sirari. Ukifika Makutano, kule Butiama, barabara nyingine inachepuka kwenda Natta na Mugumu, kisha Loliondo. Tuseme kijana amesimama hapo na kila dereva anamwonyesha karatasi ya aendako. Kijana hamchorei mtu safari nzima. Anasoma karatasi na kunyoosha kidole: wewe wa Sirari nyoosha, wewe wa Mugumu kata kulia. Mbele kwenye njia panda nyingine yupo kijana mwingine, naye atanyoosha chake. Ndivyo ruta, jina jingine la kipanga njia, inavyoshughulikia kila pakiti ya data: inasoma anwani, inaangalia jedwali lake, inaisukuma hatua moja mbele, basi. Kupanga kupo, sikatai, maana ruta kubwa huarifiana njia zilizo wazi na zilizokatika ili jedwali liwe sahihi. Lakini pakiti ikishafika mlangoni, inachofanyiwa ni kuelekezwa. Ningepewa nafasi ya kuchagua ningesema kielekeza njia, tena kipanga angeachiwa vifaranga wake.

Mkoa huu wa Mara umewahi kuwa na vielekeza njia halisi. Katikati ya miaka ya 2000, Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, DIT, wakishirikiana na Chuo cha Kifalme cha Teknolojia cha Stockholm, KTH, walianzisha mtandao wa majaribio katika wilaya za Bunda na Serengeti. Waliazima nyuzi za kioo za kupitishia data ambazo shirika la umeme, TANESCO, lilikuwa nazo kwenye njia zake za umeme bila kuzitumia zote. Umeme wenyewe ulikuwa tatizo kubwa kuliko data, kwa hiyo watafiti wakaunda ruta zinazokula umeme kidogo, kwa vipuri vya kawaida vya kompyuta na programu huria. Amos Nungu, ambaye baadaye aliiongoza COSTECH, aliandika tasnifu yake ya udaktari ya KTH juu ya mtandao huo mwaka 2011. Ruta za namna hiyo zinasimama kwenye njia panda kweli.

Cha baba mdogo ni kitu kingine. Kina njia mbili tu, ndani na nje, kwa hiyo uelekezaji wake ni mwepisi. Kazi inayokichosha ni nyingine: kugawa anwani kwa kila simu inayoingia, kurusha mawimbi, na kusimama mlangoni. Nje, nyumba nzima inaonekana kwa anwani moja. Ndani, simu na televisheni zina anwani za kienyeji zinazoanza na 192.168, fungu lililotengwa rasmi kwa matumizi ya ndani. Namba hizohizo zimo katika nyumba nyingine zisizohesabika, na hazigongani, kwa sababu hakuna anayezitamka nje ya ua wake.

Nilipomweleza hayo, baba mdogo akakatiza: "Kumbe ni lango la mji." Mafundi wa mitandao nao husema lango, wakimaanisha anwani ambayo simu huiendea kila inapotaka kutoka nje. Niliandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari cha simu, ukurasa ukafunguka, ukadai jina na nywila. Vyote viwili vilikuwa vimebandikwa kwenye kitako cha kiboksi: admin na admin.

Hapa ndipo wengi huchanganya. Nywila ziko mbili. Ya kwanza ni ya waifai, tunayowapa wageni wakishakunywa chai. Ya pili hufungua chumba cha mipangilio, na hiyo watu huiacha kama ilivyotoka kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kwa mamia ya maelfu, duniani kote, kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani zipatazo 60. Nilibadilisha zote mbili, nikaziandika kwenye daftari la mahesabu ya ng'ombe.

Kuhusu neno, nimeishia kwenye ruta. Muuza duka analijua na fundi analijua. Baba mdogo hakulichukua. Juma lililofuata alinipigia simu kuwa hapati habari za saa mbili kwenye televisheni.

"Mura, lango limefungwa."

Nikamwambia atazame kama taa zinawaka. Hazikuwaka. Mjukuu alikuwa amechomoa waya kuchaji simu.