Uzee wa Seli Zisizozeeka

Kunyamazisha jeni ni kuizuia isitoe protini inayoiagiza, huku jeni yenyewe ikiachwa mahali pake katika DNA, na historia ya ufundi huo katika utafiti wa saratani imeongozwa na swali moja, nalo ni kama seli iliyokwisha kuharibika bado huitegemea jeni iliyoiharibu au huendelea kukua kwa nguvu zake yenyewe.

Jaribio la mwanzo lilifanyika Marekani, ambako mwaka 1978 Paul Zamecnik na Mary Stephenson walitengeneza kipande cha DNA chenye herufi 13 tu, kilichopangwa kinyume cha ujumbe wa virusi vya Rous, vinavyosababisha saratani kwa kuku. Jeni hunakiliwa kwanza kuwa RNA, na nakala hiyo ndiyo inayosomwa ili protini iundwe, kwa hiyo kipande kilicho kinyume chake hujibandika juu yake na kuizuia isisomeke. Katika seli za kuku zilizotiwa kipande hicho, virusi vilishindwa kuzaana kama kawaida na seli zilizogeuka kuwa za saratani zikapungua. Miaka 10 baadaye, huko Heidelberg, Ujerumani, alikokuwa akifanya kazi Harald zur Hausen, ambaye kundi lake lilikuwa limetambua virusi vya papiloma katika saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa ambao hadi leo unaongoza miongoni mwa saratani za wanawake wa Tanzania, RNA ya kinyume ilitumika kupunguza kasi ya kukua kwa seli za saratani hiyo.

Njia hizo zilikuwa dhaifu, na iliyozipita ilitoka kusikotarajiwa: kwanza katika maua ya petunia, ambayo mwaka 1990 yaliongezewa jeni ya rangi ya zambarau na baadhi yakachanua meupe, jeni hiyo ikiwa imenyamaza, kisha katika mnyoo wa milimita moja, ambamo Andrew Fire na Craig Mello walionyesha mwaka 1998 kwamba RNA ya nyuzi mbili huifanya seli yenyewe ikatekate ujumbe unaofanana nayo. Mwaka 2001 kundi la Thomas Tuschl lilithibitisha kwamba vipande vya RNA hiyo vya herufi 21 vinatosha kufanya kazi hiyo katika seli za binadamu, zikiwemo zile za HeLa.

Seli za HeLa zilichukuliwa bila idhini mwaka 1951 kutoka katika uvimbe wa Henrietta Lacks, mgonjwa wa Baltimore aliyefariki mwaka huohuo, na tangu hapo hazijaacha kugawanyika maabarani. Ndani ya DNA ya seli hizo zimepachikwa jeni mbili za virusi vya papiloma, E6 na E7: ya kwanza husababisha kubomolewa kwa p53, protini inayoisimamisha seli yenye kasoro, na ya pili huikamata Rb, protini iliyo breki ya mgawanyiko. Kwa kuwa jeni zote mbili hubebwa na uzi mmoja wa RNA, kipande kimoja huweza kuzinyamazisha pamoja. Hilo lilipofanywa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, seli hizo hazikurudi kuwa za kawaida, bali zilizeeka: zilitanuka, zikatandaa bapa juu ya sahani, zikashika rangi ya buluu inayotumika kuutambua uzee wa seli, na zikaacha kugawanyika. Kwa miaka 52, kumbe, walinzi wa seli hizo, p53 na Rb, walikuwa wazima, ila p53 ilikuwa ikibomolewa kila ilipoundwa na Rb ikikamatwa.

Ushahidi huo, kwamba seli ya saratani bado huitegemea jeni iliyoiharibu, ni mzito kuliko tiba iliyopatikana kutokana nao. RNA tupu huharibiwa upesi katika damu, na dawa ya kwanza ya kunyamazisha jeni kwa RNA ya nyuzi mbili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ni ya ugonjwa wa kurithi wa protini inayotengenezwa na ini, kiungo kinachopokea kwa urahisi matone ya mafuta yanayoibeba RNA hiyo. Uvimbe wa saratani hauna upokezi wa namna hiyo, na ndani yake seli chache zisizofikiwa na RNA zinatosha kuukuza upya.