Malmal: Asili Yake, Mafuta Yake na Tahadhari kwa Mtoto

Leo tunazungumza juu ya kitu ambacho huenda unacho nyumbani sasa hivi, kimefungwa kwenye kitambaa au kimewekwa mkebeni. Ni malmal, ambayo kwa Kiswahili huitwa manemane. Tutaangalia historia yake, namna mafuta yake yanavyopatikana, kazi zake, na pale inapoweza kumdhuru mtoto.

Malmal ni utomvu wa mti mfupi wenye miiba. Mti huu huota katika nchi kavu za Somalia, Ethiopia, kaskazini mwa Kenya na ng'ambo ya bahari huko Yemeni. Gome likipasuka, utomvu hutoka na kukauka ukawa vibonge vya hudhurungi. Ndugu yake ni hagar, ambao wafugaji wa kwetu huuchanganya na maji na kuosha mifugo yenye kupe. Siku hizi hagar hukusanywa pia kwa biashara, ukapelekwa nchi za nje kutengenezewa manukato.

Biashara hii ni ya zamani sana. Zaidi ya miaka 3,400 iliyopita, Malkia Hatshepsut wa Misri alituma merikebu hadi nchi ya Punt, ambayo wataalamu wengi huiweka upande huu wetu wa Pembe ya Afrika. Zilirudi na utomvu wa kunukia na hata miti yenyewe, mizizi ikiwa vikapuni. Safari hiyo ilichongwa kwenye kuta za hekalu lake, na michoro iko hadi leo. Wamisri walitumia manemane kuhifadhi maiti. Katika karne ya 1, mfanyabiashara Mgiriki aliyeandika juu ya bandari za Bahari ya Hindi aliitaja manemane kati ya bidhaa zilizotoka pwani ya Wasomali.

Sasa, mafuta hutokaje? Utomvu una gundi inayoyeyuka kwenye maji, ulimbo unaoyeyuka kwenye spiriti, na mafuta yanayonukia. Mvuke wa maji hupitishwa katika utomvu, nao hubeba mafuta. Ukipozwa, mafuta hujitenga na maji. Katika gramu 100 za malmal, mafuta huwa gramu chache tu. Kwa hiyo, mama, kichupa kidogo kina nguvu ya utomvu mwingi. Usikifananishe na kibonge unachokijua.

Je, malmal ina faida? Ndiyo. Wazee walisukutua kwa maji yake fizi zikiuma. Katika maabara imeonekana kuzuia baadhi ya vijidudu. Mwaka wa 1996 watafiti wa Italia walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba baadhi ya viambato vyake hupunguza maumivu kwa panya.

Lakini kusaidia panya si sawa na kumponya mtoto. Huko Misri iliwahi kuuzwa dawa ya kichocho iliyotengenezwa kwa manemane. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2005 uliilinganisha na prazikwanteli, dawa ya kawaida ya kichocho. Waliopona kwa manemane walikuwa wachache sana, na kwa prazikwanteli walipona wengi. Mtoto akikojoa damu, basi, mpeleke kituo cha afya.

Mama, tafadhali zingatia mambo haya:

Kitovu. Wengi wetu tumeona malmal ikipakwa kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Usiipake. Kidonda cha kitovu ni mlango wa vijidudu, pamoja na vile vya pepopunda. Kiache kiwe safi na kikavu. Ukipewa klohexidini kliniki, ni ya kitovu peke yake, kamwe isiguse macho. Kitovu kikiwa chekundu, kikivimba au kutoa usaha, usingoje.

Moshi. Katika siku 40 za uzazi, uunsi hufukizwa ili kumkinga mtoto na harufu mbaya. Harufu ni nzuri, lakini moshi ni moshi. Huumiza mapafu ya mtoto na kuongeza hatari ya nimonia. Fukiza nguo nje, na dabqaad usiiweke chumbani alipolala mtoto.

Ujauzito. Manemane inaweza kuchochea tumbo la uzazi. Mama mjamzito asiinywe wala asitumie mafuta yake.

Kumeza. Mafuta ya manukato ya aina yoyote ni sumu kwa mtoto akiyameza. Baadhi huleta degedege, na yakiingia mapafuni hukata pumzi. Yaweke juu, mbali na mikono yake. Akimeza, usimtapishe. Chukua kichupa na mtoto, muende hospitalini mara moja.

Ninyi wa Hulugho mnajua kwamba mvua ikinyesha barabara ya Garissa huwa ngumu, na gari la leo huenda lisiwepo kesho. Ndiyo maana tunasisitiza muende mapema kwenye kituo kilicho karibu. Mtoto akipumua kwa haraka, akikataa kunyonya, au akiwa na joto kali, malmal haitamsaidia.

Nyanya zetu walituachia urithi mzuri. Tuutunze kwa kunukisha nguo na kuosha mifugo, na mtoto mgonjwa tumpeleke kwa mhudumu wa afya.