Juliana, Ukimwi na Uvumi: Jina la Maradhi Katika Buhaya

Maradhi yasiyo na jina hayangoji kikao cha wanaistilahi. Mwaka 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walipotambuliwa mkoani Kagera, Kiswahili hakikuwa bado na neno la maradhi hayo. Wananchi wa Bukoba na Muleba waliyaita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kwa magendo kutoka Uganda katika miaka ya uhaba wa bidhaa iliyofuata Vita vya Kagera vya 1978–79. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Rakai, wapo waliosema kuwa ni uchawi wa wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa. Kila upande ulimnyoshea kidole jirani.

Yafaa jina hilo lichunguzwe kabla ya kulaumiwa. Nguo haiambukizi Ukimwi, na katika hilo jina lilipotosha. Lakini lilitaja biashara ya mpakani, na kwa kweli maradhi yalisafiri pamoja na biashara hiyo.

Baadaye likapatikana neno Ukimwi, lililoundwa kwa silabi za mwanzo za Upungufu wa Kinga Mwilini. Ni neno jema, latamkika na laingia katika ngeli bila taabu; kifupisho cha Kiingereza, AIDS, hakikuwa na bahati hiyo, kwani vijana walikifumbua kwa mzaha kuwa «Acha Iniue Dogodogo Siachi». Hata hivyo wengine waliandika Ukosefu badala ya Upungufu. Tofauti hiyo si ndogo: aliyekosa kinga hana chochote cha kulinda, bali aliyepungukiwa bado anacho, na anaweza kutibiwa.

Siku hizi habari za maradhi hupita katika mitandao ya kijamii, lakini ombwe la jina ni lile lile. Tarehe 16 Machi 2023 ilitangazwa kuwa ugonjwa usiojulikana umeua watu watano Bukoba Vijijini; jina la Marburg lilitangazwa tarehe 21. Siku tano ni nyingi kwa mwenye simu. Mwaka 2025, wilayani Biharamulo, nje ya Buhaya lakini katika mkoa huo huo, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Marburg tarehe 14 Januari. Wizara ya Afya ikaeleza kuwa vipimo havikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha kuwapo kwa mgonjwa.

Hapo ndipo mfasiri anapotakiwa kuwa mwangalifu. Uvumi ni habari isiyojulikana chanzo chake, nayo yaweza kuwa kweli. Uzushi ni habari iliyotungwa. Upotoshaji ni kuipinda habari iliyo kweli. Matangazo mengi huyachanganya yote matatu kuwa uzushi, na mwanakijiji aliyeona jirani zake wakifa mfululizo akaitwa mzushi hatarudi tena zahanati kutoa habari. Tunapendekeza, basi, neno uvumi litumike mpaka vipimo vitoke, na uzushi litumike tu pale utungaji unapothibitika.