Bibi, suria na seyyida: vyeo vya wanawake katika nyumba ya Sultani wa Unguja

Wanaofuatilia tamthilia za Kikorea, na hapa Nairobi ni wengi, kuanzia mjini hadi Kangemi, wanajua jinsi vyeo vya wanawake wa jumba la mfalme vinavyozua fitina. Katika enzi ya Joseon malkia alikuwa mmoja tu, na chini yake masuria waliopangwa daraja kwa daraja. Cheo chao cha juu kabisa kiliitwa bin. Mtoto wa mfalme alipimwa kwa mamake: mwana wa malkia aliitwa daegun, wa suria aliitwa gun tu. Jang Hui-bin alipanda kutoka usuria hadi umalkia, akashushwa mwaka 1694, akauawa 1701.

Sisi wa mwambao tulikuwa na jumba letu, nalo lilikuwa na mizani tofauti kabisa.

Seyyid Said bin Sultan alipofariki baharini mwaka 1856 aliacha watoto 36 walio hai na masuria 75, kwa hesabu ya bintiye Seyyida Salme, ambaye kitabu chake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886 ndicho kinachotuingiza ndani ya nyumba hizo za Mtoni na Sahel. Kileleni alikuwa Bibi Azza binti Seif, mke wa ndoa, mzaliwa wa ukoo wa kifalme wa Oman. Alikuwa mfupi wa kimo lakini mkubwa wa amri. Wakubwa na wadogo walimwita kwa cheo chake, na hata watoto wa mumewe aliwatazama kama watu wa chini yake. Hakujaaliwa mtoto.

Hapo ndipo penye jambo. Watoto wote hao 36 walizaliwa na masuria, yaani wanawake walionunuliwa au kutekwa. Mamake Salme, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa vitani na kuletwa Unguja akingali mtoto. Kwa sheria, suria akishamzalia bwana wake hauziki tena, na bwana akifa yeye huwa huru. Mtoto wake huzaliwa huru, akarithi sawa na wenziwe. Kwa hiyo cheo kilifuata baba: kila mwana alikuwa seyyid, kila binti seyyida, bila kuulizwa mama ni nani.

Lakini karatasi ni kitu kimoja na sinia la chakula ni kingine. Wacherkesi hawakupenda kula pamoja na Wahabeshi weusi kuliko wao. Watoto wa Kihabeshi nao walijibu mapigo kwa kuwaita ndugu zao wenye macho ya buluu wana wa paka. Kwa maoni yangu dharau hizo zina ukweli zaidi kuliko orodha yoyote ya vyeo, kwa sababu rangi ilirudisha mlangoni daraja ambalo sheria ilikuwa imelifuta.

Hata hivyo, haikuamua nani akalie kiti. Majid, aliyetawala Unguja baada ya baba, mamake alikuwa Mcherkesi. Barghash, aliyejaribu kumpindua mwaka 1859 na kumrithi mwaka 1870, mamake alikuwa Mhabeshi. Baada yao wakaja Khalifa na Ali, nao pia wana wa masuria. Masultani wanne mfululizo, wote wana wa Said, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mke wa ndoa. Huko Korea, mwaka uleule wa 1701, mfalme Sukjong aliamuru suria asiwahi tena kuwa malkia.

Msomaji asichanganye hawa na wanawake waliotawala wenyewe, kama Mwana Khadija wa Pate katika karne ya 18. Bibi Azza hakuwa mtawala, na suria hakuwa hata mke.

Na usuria huo ulidumu kuliko wengi wanavyodhani. Amri ya Aprili 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje, kwa hoja kwamba wao ni kama wake wa nyumbani. Mtumwa wa shamba la mikarafuu angeweza kwenda kudai uhuru wake. Suria, mpaka athibitishe kuteswa. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1909.