Misuli ya paja ni kinga ya goti kwa wanawake

Katika Kata ya Kikwe, kwenye tambarare za chini ya Mlima Meru wilayani Arumeru, si ajabu kumsikia mwanamke aliyevuka miaka 50 akilalamikia magoti. Aghalabu huambiwa kuwa huo ni uzee, achue kwa dawa na apumzike. Katika ushauri huo, lenye madhara zaidi ni pumziko la muda mrefu.

Goti halishikiliwi na mifupa pekee. Mbele ya paja upo msuli mkubwa wenye vichwa vinne, ambao hunyoosha mguu na kupokea kishindo kila unapokanyaga. Ukinyong'onyea, mzigo huelemea gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa. Kwa wastani, wanawake wana misuli midogo kuliko wanaume, na baada ya ukomo wa hedhi ndio wanaosumbuliwa zaidi na kuchakaa kwa goti.

Utafiti uliofanyika katika majimbo ya Alabama na Iowa, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2009, ulibaini kuwa nguvu ya misuli ya paja haikuzuia mabadiliko yanayoonekana katika picha ya eksirei, bali ilipunguza uwezekano wa goti hilo kuuma. Tofauti hiyo si ndogo. Mama haendi kwa daktari kwa sababu ya picha. Huenda kwa kuwa hawezi kuinuka kigodani. Kuhusu uzito, utafiti wa Framingham wa mwaka 1992 ulionyesha kuwa wanawake waliopungua kilo 5 hivi katika miaka 10 walipunguza hatari ya ugonjwa huo kwa zaidi ya nusu.

Zoezi lenyewe halihitaji gharama. Mhusika hukaa kwenye kiti imara, hunyoosha goti moja, huhesabu hadi 5, kisha hushusha mguu taratibu, mara 10 kwa kila mguu. Goti likivimba au kuwa na joto, aache na aende hospitali.

Hata hivyo, ukanda wa Meru una jambo lake. Kutokana na miamba ya volkano, baadhi ya mito na visima vina floridi inayozidi mno miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Magadi ya kupikia makande nayo huiongeza. Meno ya kahawia yamezoeleka. Lisilosemwa sana ni kwamba floridi ikijikusanya mwilini kwa miaka mingi hukaza viungo na kupinda miguu. Kuchemsha maji hakuiondoi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Maji ya Chai, kimeshughulikia uchujaji wake kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Maumivu ya namna hiyo hayatibiki kwa mazoezi ya paja. Ndiyo maana mwanamke wa Kikwe anapofika hospitali hana budi kumweleza daktari si umri wake tu, bali pia alikokulia na maji aliyokuwa akinywa.