Herufi Ndogo Kwenye Sarafu za Getembe

Mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza tangu Januari hadi Desemba 1936, kisha akajiuzulu. Waingereza wenyewe hawakuwahi kununua mkate kwa sarafu yenye sura yake, kwa kuwa alikiacha kiti kabla hazijatolewa. Afrika Mashariki ilikuwa habari nyingine. Senti tano na senti kumi zetu zilikuwa na tundu katikati, hivyo hapakuwa na nafasi ya uso wa mtu. Jina na taji vilitosha, na mashine zikaendelea kupiga chapa. Ndiyo sababu hata leo, kwenye mikebe ya wazee wa Kisii na Nyamira, ndururu ya Edward si kitu cha ajabu.

Mwenye mkebe kama huo asiishie kwenye jina la mfalme. Aiweke sarafu juani atafute herufi ndogo. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham. KN ni King's Norton, mjini humo humo. Isiyo na herufi ilitoka kwenye kiwanda cha serikali, London. Kwa mkusanyaji makini, hizo ni sarafu tatu tofauti, na kila moja inastahili mstari wake kwenye orodha.

Sarafu hizi hazikuja Gusii kwa mapenzi. Watu walikuwa wakibadilishana ng'ombe, mbuzi, wimbi na majembe. Waingereza walipoanzisha kituo chao Getembe, yaani mji wa Kisii wa leo, mwaka 1907, kodi ya nyumba ilidaiwa kwa fedha, na asiyekuwa nayo alilazimika kuuza mifugo au kwenda kufanya kazi ya mzungu. Januari 1908 Otenyo Nyamaiterere alimchoma mkuki ofisa Geoffry Northcote, naye Moraa Ng'iti akakumbukwa kama mama aliyewatia vijana moyo wa kupigana. Miaka hiyo hiyo senti moja ya koloni, yenye tundu, ilikuwa ya alumini. Ilipigwa 1907 na 1908 tu. Kuanzia 1909 ikageuzwa kuwa ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Kwa hiyo senti ya alumini inatoka katika miaka ile ile ya mikuki na moshi wa vijiji vilivyochomwa, nami siwezi kuitazama kama pambo tu.

Hapa inafaa kueleza jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Kisahani kitupu huwekwa katikati ya mihuri miwili ya chuma cha pua, kisha hugongwa kwa nguvu kubwa. Kisahani kikikaa kando, picha hukatika. Tundu likisahauliwa, hutoka senti kumi nzima isiyotobolewa. Hayo ni makosa ya sarafu moja moja. Muhuri ukipasuka, mambo ni mengine: ufa wake huacha mstari ulioinuka kwenye kila sarafu inayofuata, na mchongaji akiurekebisha mchoro, mkono wake huonekana kwenye maelfu ya vipande. Makosa ya namna ya kwanza hupendwa na wenye fedha za kununua vitu adimu. Namna ya pili ndiyo ninayoithamini zaidi, maana humwezesha msomaji kuifuata kazi ya karakana hatua kwa hatua.

Mfano bora katika eneo letu uko Tabora. Septemba 1914 askari wa Wajerumani walivuka mpaka wakaingia mji wa Kisii, wakapigana na Waingereza tarehe 12, kisha wakarudi walikotoka. Baadaye wanaume wa Gusii walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita kwenye Kariakor. Wakati huo Wajerumani wa Tanganyika walikuwa wamezingirwa baharini na sarafu kutoka Berlin hazifiki tena. Mwaka 1916 wakaanza kujipigia zao katika karakana ya reli ya Tabora: heller 5 na heller 20, pamoja na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo mbele ya milima. Mihuri ilichongwa kwa haraka na haikufanana. Heller 20 ina taji kubwa na taji dogo. Herufi L kwenye neno la thamani yake ina ncha iliyopinda au iliyochongoka. Kwenye ile ya dhahabu, pambo la kulia huishia chini ya herufi T ya jina la koloni kwenye baadhi ya vipande, na chini ya herufi A kwenye vingine. Kurt Jaeger, Mjerumani aliyeorodhesha sarafu za nchi yake, aliona tofauti hiyo inatosha kuandikwa a na b. Tabora ilitekwa na jeshi la Wabelgiji Septemba 1916, na kazi ikakoma.

Kosa kubwa kuliko yote linatuhusu moja kwa moja. Katika kiwanda cha Heaton mwaka 1936, muhuri wa senti kumi ya Afrika Mashariki ulifungwa pamoja na muhuri wa peni ya Afrika Magharibi, na sarafu chotara zikatoka. Maeneo mawili yaliyotenganishwa na bara zima yalikuwa jirani kwenye rafu moja ya Birmingham.

Vita Vikuu vya Pili vilileta herufi nyingine: I ya Bombay na SA ya Pretoria. Senti zenye tundu zilipunguzwa unene ili kuokoa shaba.

Kenya huru ilianza sarafu zake mwaka 1966, Benki Kuu ilipofunguliwa. Sura ya Mzee Kenyatta haikuwa na maandishi kuizunguka hadi 1969, yalipoongezwa maneno ya kumtambulisha kama rais wa kwanza.

Katalogi za haya yote ziliandikwa mbali. Namba za KM ambazo wauzaji hutumia zinatokana na kitabu cha Krause na Mishler cha mwaka 1972, huko Wisconsin. Fred Pridmore, aliyechambua sarafu za makoloni ya Waingereza kwa undani kuanzia 1960, alitoa sehemu za Ulaya, Asia, visiwa vya Karibi na India. Sehemu ya Afrika haikutoka. Pengo hilo linaniuma. Vitabu hivyo vinaweza kukwambia sarafu ilipigwa wapi, lakini havisemi ilifika wapi. Ilifika Keroka? Manga? Ilipitia mkononi mwa nani kabla ya kulipwa kodi? Hayo yanaweza kuandikwa na mtu wa hapa pekee.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: kioo cha kukuzia, mizani ya sonara, daftari. Andika mwaka, herufi, uzito, kasoro, na mahali ilipopatikana. Usiisugue kwa majivu wala kwa waya wa sufuria, maana mstari wa ufa ni mwembamba na ukishafutika haurudi. Na fanya hivyo kabla ya mnunuzi wa vyuma chakavu kufika, kwa sababu yeye hupima kwa kilo.