Madini ya Kivu Katika Mizani Mbili

Mjini Bukavu, atajaye koltani hutaja bei. Ni nadra kukumbukwa kwamba jina hilo limeunganisha kolumbiti na tantaliti, na kwamba metali zilizomo, niobi na tantali, zina historia nyingine katika maabara, sawa na bati litokalo katika kasiteriti ya Kivu Kusini. Makala haya yanaziweka mizani hizo mbili pamoja, ya maabara kwanza.

Mwaka 1911, huko Leiden, Heike Kamerlingh Onnes aligundua kuwa zebaki ikipozwa hadi kelvini 4.2 hupoteza ukinzani wake wote wa umeme. Bati lilifuata mwaka 1912, kwenye kelvini 3.7. Walther Meissner aliiona hali hiyo katika tantali mwaka 1928, kisha katika niobi, ambayo kwa kelvini 9.2 haijapitwa na elementi yoyote katika kanieneo ya kawaida ya hewa.

Vipimo vilikuwapo, maelezo yakachelewa miaka 46. Mwaka 1957 Bardeen, Cooper na Schrieffer walieleza kwamba elektroni hufungamana mbilimbili. Nishati ya kuitenganisha jozi, ikigawanywa kwa nishati ya joto ambapo ukinzani hutoweka, yapasa kutoa 3.53 kwa kila metali. Dai zito, kwani halibagui! Bati lilipopimwa lilitoa 3.5, tantali 3.6, niobi 3.8, risasi ilifika 4.4, na zebaki yenyewe 4.6. Kwa maoni yetu, tofauti hizi ndizo kiini cha historia hii. Hazikuiangusha nadharia, bali zilionyesha kuwa elektroni zinapoathiriwa mno na mitikisiko ya atomi, hesabu ile ni makadirio tu. Mwaka 1960 Eliashberg aliipanua.

Mizani ya Bukavu ilikuwa ya namna nyingine. Baada ya kampuni ya SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976, kutoweka mwaka 1997, uchimbaji ulibaki mikononi mwa wachimbaji wadogo. Bei ya tantali ilipopaa mwaka 2000, katikati ya vita, kundi la RCD liliipa SOMIGL ukiritimba wa kuuza koltani nje. Jiwe lilithaminiwa kwa asilimia ya oksidi ya tantali. Niobi ya gunia hilohilo kwa kawaida haikulipiwa. (Hatudai kwamba niobi iliyopimwa maabarani ilitoka Kivu.) Mwanafizikia aliyekitilia shaka kipimo alikuwa na nadharia ya kukilinganisha nayo. Mchimbaji alikadiria uzito wa jiwe kiganjani, na kipimo cha mnunuzi hakuwa na chombo cha kukipinga.